Rachel Carson: Mwandishi aliyefichua sumu iliyojificha ndani ya chakula

RACHEL Carson hakuwa waziri wala mbunge. Hakuongoza chama chochote, hakuwa na maabara yake mwenyewe, na kwa muda mrefu wa maisha yake alikuwa mtumishi wa umma wa kawaida aliyehangaika kukidhi mahitaji ya jamaa waliomtegemea.

Hata hivyo, alipofariki mnamo Aprili 14, 1964, akiwa na umri wa miaka 56, mwanamke huyo Mmarekani alikuwa ameulazimisha ulimwengu kuuliza swali ambalo hadi sasa halijakoma kuulizwa sokoni, bungeni na katika maabara: je, ni kiasi gani cha dawa ya kuua wadudu kinachobaki ndani ya chakula cha binadamu?

Kabla ya kitabu chake, Silent Spring, kuchapishwa mnamo 1962, swali hilo lilikuwa la wataalamu wachache. Raia wa kawaida aliamini kwamba dawa ikishanyunyiziwa shambani, kazi yake huishia kwa mdudu. Carson ndiye aliyemwonyesha raia huyo kwamba dawa haiishii hapo, na kwamba ana haki ya kujua inakoishia.

MTOTO WA MTO ALLEGHENY

Rachel Louise Carson alizaliwa mnamo Mei 27, 1907, katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, karibu na mto Allegheny. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watatu. Babake, Robert, alikuwa na shamba la ekari zipatazo 65, lakini juhudi zake za kuligawa na kuliuza kwa ploti hazikumtoa katika uhaba wa fedha.

Mamake, Maria, aliwahi kuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Ndiye aliyemshika bintiye mkono na kumtembeza msituni, akimfunza kuwatambua ndege, wadudu na mimea. Mapenzi ya Carson kwa viumbe yalichipuka hapo, na hayakunyauka hadi kifo chake.

Kipaji chake cha uandishi kilijitokeza mapema. Mnamo 1918, akiwa na umri wa miaka 11, hadithi yake ilichapishwa katika St. Nicholas, jarida la watoto lililosifika sana nchini Marekani nyakati hizo. Tangu siku hiyo hakuwa na shaka kwamba angekuwa mwandishi.

Mnamo 1925 alijiunga na Chuo cha Wanawake cha Pennsylvania, mjini Pittsburgh, kusomea Kiingereza. Karo ilikuwa mzigo mzito kiasi kwamba mamake aliuza kuku na hata vyombo vya nyumbani ili bintiye asifukuzwe. Chuoni humo alikutana na mwalimu wa biolojia, Mary Scott Skinker, ambaye masomo yake yalimvuta hadi akaacha Kiingereza na kugeukia sayansi. Alihitimu mnamo 1929.

Mwaka huo huo alipata nafasi ya kwenda katika kituo cha utafiti wa bahari cha Woods Hole, jimbo la Massachusetts, na huko akaiona bahari kwa mara ya kwanza. Kisha alijiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, ambako alipata shahada ya uzamili katika zoolojia mnamo 1932.

Alikuwa na nia ya kuendelea hadi shahada ya uzamifu. Lakini huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na familia yake ilikuwa imehamia kwake. Mnamo 1935 babake alifariki. Mnamo 1937 dadake, Marian, akafariki pia na kuwaacha mabinti wawili. Carson, ambaye hakuwahi kuolewa, akawa mlezi wa wote.

MTUMISHI WA SERIKALI

Shida ndiyo iliyomfikisha katika Idara ya Uvuvi ya serikali kuu ya Marekani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika vipindi vifupi vya redio kuhusu viumbe wa baharini. Mnamo 1936, baada ya kufanya vyema katika mtihani wa utumishi wa umma, aliajiriwa kama mtaalamu wa viumbe wa majini, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kupata wadhifa kama huo katika idara hiyo.

Mkuu wake, Elmer Higgins, alimtaka aandike utangulizi wa kijitabu cha idara kuhusu bahari. Alipousoma, aliurudisha akimweleza kwamba ulikuwa mzuri mno kwa kijitabu cha serikali, na akamshauri aupeleke kwa jarida la Atlantic Monthly. Makala hayo yalichapishwa Septemba 1937 na kumfungulia njia.

Kitabu chake cha kwanza, Under the Sea-Wind, kilitoka Novemba 1941. Mwezi uliofuata Japani ilishambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani, na kitabu kikasahaulika madukani.

Ni vita hivyo hivyo vilivyoipa umaarufu kemikali iliyokuja kuandamana na jina la Carson daima. Mnamo 1939, mwanakemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba DDT, kemikali iliyokuwa imetengenezwa kwa mara ya kwanza mnamo 1874 na kuwekwa kando, ilikuwa na uwezo mkubwa wa kuua wadudu. Wanajeshi walinyunyiziwa dhidi ya chawa, na mjini Naples, Italia, ilisaidia kuzima mkurupuko wa homa ya taifasi iliyoenezwa na wadudu hao. Müller alituzwa Nobel ya tiba mnamo 1948.

Vita vilipokwisha mnamo 1945, DDT ilianza kuuzwa kwa raia. Ilinyunyiziwa mashambani, mitaani, hata ndani ya nyumba. Wengi waliiona kuwa dawa ya miujiza isiyo na madhara kwa binadamu.

Carson, kutokana na kazi yake, aliziona ripoti za watafiti wa serikali waliokuwa wakichunguza athari za dawa hiyo kwa ndege na samaki. Mwaka huo huo wa 1945 aliliandikia jarida la Reader's Digest akipendekeza makala kuhusu uchunguzi huo. Jarida halikuvutiwa. Suala hilo likalala kwa zaidi ya mwongo mmoja.

BAHARI YAMPA JINA

Wakati huo Carson alikuwa akipanda ngazi idarani hadi akawa mhariri mkuu wa machapisho yote mnamo 1949. Usiku aliandika vitabu vyake. Mnamo 1951 alichapisha The Sea Around Us, kitabu kuhusu historia na maumbile ya bahari, ambacho kilikaa kwenye orodha ya vitabu vilivyouzwa sana ya gazeti la New York Times kwa wiki 86 na kumletea Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu mnamo 1952.

Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na fedha za kutosha. Mnamo 1952 aliacha kazi ya serikali ili aandike tu, na mwaka uliofuata akawa na nyumba ndogo ufuoni katika kisiwa cha Southport, jimbo la Maine. Kitabu chake cha tatu kuhusu bahari, The Edge of the Sea, kilitoka mnamo 1955.

Angeweza kutulia hapo. Alikuwa na jina, alikuwa na wasomaji, na hakuwa na adui. Lakini mnamo Januari 1958 ilimfikia barua ya malalamishi kutoka kwa Olga Owens Huckins, mkazi wa Duxbury, Massachusetts. Ndege ya serikali ya jimbo iliyokuwa ikipambana na mbu ilikuwa imenyunyiza DDT juu ya ardhi yake, na ndege aliokuwa akiwahifadhi wakafa.

Wakati huo huo, wakazi wa Long Island, jimbo la New York, walikuwa mahakamani wakipinga unyunyiziaji wa DDT uliofanywa kutoka angani mnamo 1957 ili kuwaangamiza nondo wanaoharibu misitu. Miongoni mwa walalamishi walikuwemo wanawake wawili waliokuwa wakilima chakula bila kemikali kwa sababu mmoja wao alikuwa mgonjwa. Ndege zilipita na kuinyunyizia bustani yao dawa wasiyoitaka.

Walalamishi hao walishindwa kesi. Hata hivyo, nyaraka za ushahidi wao zilimfikia Carson, na ndizo zilizokuwa msingi wa kazi kubwa iliyofuata.

KUFUATA NYAYO ZA SUMU

Carson alitumia zaidi ya miaka minne kuandika Silent Spring, jina linaloashiria majira ya kuchipua yasiyo na sauti za ndege. Hakufanya majaribio yeye mwenyewe. Alichofanya ni kusoma ripoti za kisayansi zilizotapakaa katika majarida na ofisi za serikali, kuwaandikia wataalamu, na kuunganisha matokeo ambayo kila mmoja wao alikuwa ameyaona kipande kipande. Orodha ya marejeo pekee ilijaza kurasa 55 za kitabu hicho.

Kipimo alichokitumia mara kwa mara ni sehemu moja katika kila milioni. Ni sawa na kuchanganya gramu moja ya dawa ndani ya takriban magunia 11 ya mahindi ya kilo 90. Masikioni mwa msikilizaji wa kawaida, kiasi hicho ni kama si chochote. Carson alieleza ni kwa nini hakikupaswa kupuuzwa.

Mfano mmoja ulitoka katika ziwa Clear Lake, jimbo la California. Ili kuwaua visubi waliokuwa wakiwasumbua wavuvi na watalii, maafisa walitia ziwani kemikali ya DDD, jamaa ya karibu ya DDT, mnamo 1949, 1954 na 1957. Kiwango kilikuwa kidogo mno: katika awamu ya pili kilikuwa sehemu moja tu katika kila sehemu milioni 50 za maji.

Baadaye, ndege wa majini aina ya kibisi walianza kufa kwa mamia. Wanasayansi walipochunguza, walipata kwamba vijimea na vijidudu vinavyoelea majini vilikuwa na sehemu tano za kemikali hiyo katika kila milioni. Samaki wanaokula mimea walikuwa na kati ya 40 na 300. Katika samaki wala nyama kiwango kilifika 2,500, na katika mafuta ya miili ya kibisi kilifika 1,600.

Maana yake ni kwamba kemikali za jamii hiyo haziyeyuki majini wala kuoza upesi. Huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, na kila kiumbe kinachomla mwenzake hurithi akiba ya sumu ya aliyeliwa. Binadamu, aliye mwishoni mwa mnyororo huo, hupokea mrundiko wa wote waliomtangulia.

Carson alionyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa pia nyumbani. Majani makavu ya alfalfa yenye mabaki ya DDT ya sehemu saba au nane katika kila milioni yakilishwa ng'ombe, maziwa yalipatikana na sehemu tatu hivi. Maziwa hayo yakigeuzwa siagi, kiwango kingeweza kupanda hadi 65. Mama aliyempakia mtoto mkate siagi hakuwa na njia yoyote ya kuona, kunusa wala kuonja kilichokuwemo.

Mfano mwingine ulitoka katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Miti ilinyunyiziwa DDT dhidi ya mbawakawa wanaoeneza ugonjwa wa miti. Majani yalianguka, nyungunyungu wakayala, na ndege aina ya robini wakawala nyungunyungu hao. Nyungunyungu wakubwa 11 tu walitosha kumuua robini mmoja.

Alieleza pia jinsi kundi jingine la dawa, lile lenye fosforasi, linavyofanya kazi. Dawa hizo huzima kolinesterasi, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuiondoa kemikali inayopitisha ujumbe kati ya neva. Kimeng'enya hicho kikizimwa, neva hazitulii. Mwili hutetemeka, misuli hukakamaa na mhasiriwa anaweza kufa.

ULINZI WENYE MAPENGO

Serikali ya Marekani ilikuwa tayari imeweka viwango vya juu vya mabaki yanayoruhusiwa katika vyakula. Carson hakuridhika navyo. Alisema kila kiwango kilipangwa kana kwamba mtu hula chakula kimoja tu chenye dawa moja, ilhali mlo mmoja unaweza kuwa na dawa kadhaa. Isitoshe, wakaguzi wa vyakula vinavyosafirishwa kutoka jimbo hadi jimbo hawakufika 600 kwa taifa zima.

Udhaifu huo ulidhihirika angali akiandika. Mnamo Novemba 9, 1959, Waziri wa Afya, Arthur Flemming, alitangaza kwamba baadhi ya kranberi, matunda madogo mekundu yanayoliwa na Wamarekani katika sikukuu ya Shukrani, yalikuwa na mabaki ya dawa ya magugu iliyosababisha saratani katika panya. Sikukuu ilikuwa imebakisha wiki chache tu. Maduka yaliyaondoa matunda hayo, wakulima wakalia hasara, na kwa mara ya kwanza mabaki ya dawa katika chakula yakawa gumzo la taifa. Carson alihudhuria vikao vilivyofuata kuhusu sakata hiyo.

SIRI YA UGONJWA

Kazi hiyo ilifanywa katikati ya misiba. Mnamo 1957 mpwa wake, Marjorie, alifariki na kumwacha mwana wa miaka mitano, Roger. Carson, akikaribia umri wa miaka 50, alimchukua na kumlea kama mwanawe. Mwishoni mwa 1958 mamake, aliyekuwa ameishi naye karibu maisha yake yote, akaaga dunia.

Mnamo Aprili 1960 Carson alifanyiwa upasuaji wa kuondolewa titi. Daktari hakumweleza ukweli kwamba uvimbe ulikuwa wa saratani, kama ilivyokuwa desturi ya madaktari wengi wakati huo kwa wagonjwa wa kike. Aliujua ukweli mwezi wa Desemba, alipomwendea daktari mwingine, wakati ugonjwa ulikuwa umeenea. Mwandishi aliyekuwa akitetea haki ya raia ya kujua kilichomo mwilini mwao alikuwa amenyimwa haki hiyo hiyo.

Aliendelea kuandika huku akipokea matibabu ya miale. Kuna wakati macho yalimuuma hata akashindwa kusoma, na msaidizi wake akalazimika kumsomea miswada. Ugonjwa huo aliuficha. Alijua wapinzani wangepata habari hiyo wangedai kwamba anazilaumu kemikali kwa uchungu wa maradhi yake, na ushahidi wote ungetupwa.

VITA VYA MANENO

Sehemu za kitabu zilianza kuchapishwa katika jarida la The New Yorker mnamo Juni 16, 1962. Kufikia Agosti 29, Rais John Kennedy alikuwa ameulizwa kuhusu suala hilo katika kikao na wanahabari, na akathibitisha kwamba serikali ilikuwa ikilichunguza. Kitabu chenyewe kilitoka Septemba 27.

Viwanda vya kemikali havikunyamaza. Kampuni ya Velsicol ilimwandikia mchapishaji, Houghton Mifflin, ikidokeza kwamba ingeshtaki. Mchapishaji hakurudi nyuma. Kampuni ya Monsanto ilisambaza kisa cha kubuni kikisawiri Marekani iliyoangamizwa na wadudu na njaa kwa kukosa dawa. Msemaji wa viwanda hivyo, Robert White-Stevens, alizunguka nchini akionya kwamba kumfuata Carson ni kuurudisha ulimwengu katika zama za giza.

Wengine waliacha hoja na kumshambulia mtu. Walimwita mwanamke mwenye jazba, mpenzi wa paka na ndege asiye na watoto, na hata kibaraka wa Wakomunisti. Walisahau kwamba alikuwa mwanasayansi aliyehitimu na kwamba maelezo yake yalikuwa yamepitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa.

Ukweli ni kwamba Carson hakutaka dawa zote zipigwe marufuku. Alipinga matumizi ya kiholela, ya watu wasiojua madhara yake, juu ya raia ambao hawakuulizwa. Alionya pia kwamba wadudu hujenga usugu, hivyo kwamba matumizi ya kupindukia yangeinyima dunia silaha dhidi ya mbu wa malaria.

Mnamo Aprili 3, 1963, runinga ya CBS ilipeperusha kipindi kilichowakutanisha Carson na White-Stevens mbele ya mamilioni ya watazamaji. Wafadhili watatu kati ya watano walikuwa wamejiondoa. White-Stevens alivalia koti jeupe la maabara na kunguruma; Carson alizungumza polepole, kwa utulivu. Umma ulimwona mtu tofauti kabisa na yule aliyesawiriwa na mahasimu wake.

Ripoti ya kamati ya washauri wa sayansi wa Rais Kennedy ilitolewa Mei 15, 1963. Kwa kiasi kikubwa iliafikiana naye na ikapendekeza kwamba dawa zinazodumu muda mrefu katika mazingira ziondolewe hatua kwa hatua. Mnamo Juni 4, Carson alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti, akitetea haki ya raia ya kulindwa dhidi ya sumu zinazoletwa nyumbani kwake na watu wengine. Alikuwa dhaifu, amevaa nywele za bandia kuficha athari za matibabu, na maseneta hawakujua.

Miezi kumi baadaye alifariki nyumbani kwake Silver Spring, jimbo la Maryland.

URITHI WAKE

Mabadiliko aliyoyapigania alikosa kuyaona. Idara ya kulinda mazingira ya Marekani iliundwa mnamo 1970, na mnamo Juni 1972 ikapiga marufuku karibu matumizi yote ya DDT nchini humo. Tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya taifa hilo, ambaye mnamo 1963 alikuwa amesalia jozi 417 hivi katika majimbo 48, aliongezeka na kuondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini mnamo 2007. Mnamo 1980, Rais Jimmy Carter alimtunuku Carson, baada ya kifo, Nishani ya Rais ya Uhuru.

Katika Afrika urithi wake umezua mjadala mkali zaidi. Wapo wanaodai kwamba kampeni dhidi ya DDT iligharimu maisha ya wagonjwa wa malaria. Lakini marufuku ya Marekani haikuzuia matumizi ya kiafya katika nchi nyingine, na Mkataba wa Stockholm wa 2001 kuhusu sumu zinazodumu uliiruhusu DDT kuendelea kutumiwa dhidi ya wadudu waenezao magonjwa. Mnamo 2006, Shirika la Afya Duniani liliunga mkono kuipulizia ndani ya nyumba. Kenya, iliyopiga marufuku matumizi yake katika kilimo mnamo 1986, iliuidhinisha mkataba huo mnamo 2004.

Suala la mabaki katika chakula nalo halikuzikwa na DDT. Wakulima wa Kenya walilionja mnamo Januari 2013, Umoja wa Ulaya ulipoanza kukagua shehena moja kati ya kila 10 za mishiri na minji kutoka nchini baada ya kupatikana kwa mabaki ya daimethoeti kupita kiwango. Daimethoeti ni mojawapo ya zile dawa za fosforasi zinazozima kolinesterasi.

Kimeng'enya hicho ambacho Carson aliwafafanulia wasomaji wake sasa kimegeuzwa kuwa shahidi. Katika miaka ya karibuni watafiti wamekuwa wakibuni vihisi vya nano, yaani chembe zenye upana wa sehemu chache tu za bilioni za mita, ambazo hutoa mng'ao zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Chembe hizo huunganishwa na kolinesterasi kwa namna ambayo kimeng'enya kikiwa kizima, mng'ao hubadilika. Mabaki ya dawa yakiwemo katika maji yaliyooshea mboga, kimeng'enya huzimwa na badiliko hilo hupungua au hukosekana. Kwa kupima tofauti ya mng'ao, wakati mwingine kwa kamera ya simu tu, kiasi cha sumu hukadiriwa.

Baadhi ya chembe hizo ni vitone vya kwantamu, ambavyo uvumbuzi wake uliwapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov tuzo ya Nobel ya kemia mnamo 2023. Hata hivyo, rangi na mafuta ya mboga zenyewe zinaweza kuupotosha mng'ao, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ingali katika maabara za utafiti. Uamuzi rasmi kuhusu shehena bado hutegemea mitambo mikubwa na ghali inayozitenganisha kemikali moja baada ya nyingine.

Siku ambayo vihisi hivyo vitamfikia mkaguzi wa soko la kawaida, mboga za mama wa nyumbani zitaweza kuchunguzwa kwa makini kama zile zinazopakiwa ndege kwenda Ulaya. Carson hakuishi kuona chembe hizo zikimeremeta. Lakini hoja inayozifanya zihitajike ni yake: kwamba anayekula ana haki ya kujua anachokula, na kwamba hawezi kukijua kisipopimwa na matokeo yake kutangazwa.